Reli Moja, Koo Mbili za Treni: Kuizunguka Ujerumani kwa Nauli Nafuu

Mpwa wangu alinipigia simu jioni moja akiwa stesheni ya Stuttgart, sauti imemkauka. "Mjomba shikamoo. Tiketi ya mwezi ninayo, nimeilipia, na mkaguzi ameiona kwa macho yake. Sasa mbona ameniandikia faini?"

Nikamwuliza swali moja tu: treni uliyopanda iliandikwa herufi gani? Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "I, C, E."

Tatizo lilikuwa hapo. Alikuwa na wiki tatu tu tangu aingie Ujerumani kwa mafunzo ya uuguzi, ile Ausbildung ambayo vijana wengi wa Nairobi na Dar es Salaam wanaisikia siku hizi. Pale Mannheim aliona ubaoni treni mbili za kwenda Stuttgart, akapanda iliyotangulia kuondoka, kama ambavyo yeyote aliyezoea kugombania gari Mbagala au Gongo la Mboto angefanya. Hakuwa mwizi wa nauli. Hakuna aliyekuwa amemweleza kwamba katika nchi hii reli ni moja lakini treni zina koo mbili, na tiketi ya ukoo mmoja haitambuliki katika ukoo wa pili.

Wajerumani wenyewe wana neno la mkanganyiko huu: Tarifdschungel, yaani msitu wa nauli. Nimeuzunguka msitu huo kwa miaka, na ninaamini ukishalielewa jambo hilo moja la koo mbili, mengine yote yanajipanga. Nitaanzia hapo.

Treni za karibu na treni za mbali

Fikiria daladala na mabasi ya mikoani. Daladala linasimama kila kituo, nauli yake inapangwa na mamlaka, na kazi yake ni kumfikisha mtu kazini, sokoni na nyumbani. Basi la mkoani ni biashara: linasimama pachache, lina kasi, na bei yake hupanda pale abiria wanapokuwa wengi. Ujerumani imeugawa usafiri wake hivyo hivyo. Wa kwanza unaitwa Nahverkehr, usafiri wa karibu. Wa pili ni Fernverkehr, usafiri wa mbali.

Ukoo wa karibu unatambulika kwa herufi hizi: RE na RB ni treni za mkoa, RE ikiruka vituo vidogo na RB ikisimama karibu kila mahali. S ni S-Bahn, treni ya mji na vitongoji vyake. U ni U-Bahn, treni ya chini ya ardhi. Ongeza tramu na mabasi ya mjini. Ukoo wa mbali ni ICE, IC na EC, pamoja na FlixTrain, kampuni binafsi yenye mabehewa ya kijani. Usiangalie rangi ya treni wala uzuri wa viti ukadhani umeielewa. Zipo RE za ghorofa mbili ambazo ni nzuri kuliko IC kuukuu. Soma herufi.

Kwa nini pakawa na mgawanyiko huu? Hadi mwisho wa 1993 Ujerumani ilikuwa na mashirika mawili ya reli, moja la magharibi na jingine la mashariki, urithi wa nchi iliyokuwa imegawanyika. Januari 1994 yakaunganishwa kuwa Deutsche Bahn AG, kampuni inayomilikiwa na serikali lakini inayotakiwa kujiendesha kibiashara. Miaka miwili baadaye, Januari 1996, treni za karibu zikakabidhiwa kwa majimbo, ambayo yako 16. Tangu hapo jimbo ndilo linaloagiza treni: linaamua njia ipi iwe na treni ngapi kwa siku, linatangaza zabuni, kampuni zinashindana, na jimbo linalipa kwa fedha zinazotoka serikali kuu. Ndiyo maana leo utaona treni za RE zenye majina ya kampuni ambazo hujawahi kuzisikia, na tiketi yako inakubalika humo bila neno. ICE na IC hazina mlezi wa aina hiyo. Zinategemea nauli ya abiria.

Kutoka hapo unaweza kukisia mwenyewe bei zinavyokwenda. Treni ya karibu ina nauli isiyobadilika, uinunue leo au mwezi ujao. Treni ya mbali ina bei inayopanda na kushuka kama bei ya ndege. Kwa hiyo unafuu unapatikana kwa njia mbili tofauti kabisa: kwenye treni za karibu unautafuta kwa kununua tiketi ya jumla, na kwenye treni za mbali unautafuta kwa kuwahi.

Tiketi ya nchi nzima

Majira ya kiangazi ya 2022, bei ya mafuta ilipopaa baada ya Urusi kuivamia Ukraine, serikali ya Ujerumani ilitoa tiketi ambayo watu walidhani ni utani: euro 9 kwa mwezi, treni zote za karibu, nchi nzima. Ilidumu miezi mitatu, Juni hadi Agosti, na tiketi zipatazo milioni 52 zikauzwa. Mabehewa yalijaa hadi watu wakasimama vyooni. Wazee ambao hawakuwa wamefika baharini kwa miaka walipanda na vikapu vyao kwenda kuiona.

Ilipokwisha, watu hawakukubali kurudi walikotoka. Tarehe 1 Mei 2023 ikazaliwa Deutschlandticket, tiketi ya Ujerumani, kwa euro 49 kwa mwezi. Januari 2025 ikapanda hadi euro 58, na Januari 2026 ikafika euro 63. Imepanda, ndiyo, na kila mara inapopanda inaniuma kwa ajili ya wale wanaohesabu kila senti. Hata hivyo sijaona kitu kingine barani Ulaya kinachompa mtu wa kipato kidogo uhuru mkubwa kiasi hiki katika nchi kubwa kiasi hiki. Kwa tiketi hiyo moja unatoka Flensburg kwenye mpaka wa Denmark hadi milima ya Bavaria, ukipanda RE, RB, S-Bahn, U-Bahn, tramu na mabasi ya kila mji unaoupitia. Inavuka hata mipaka michache: inakufikisha stesheni kuu ya Salzburg, Austria, na stesheni ya Basel Badischer Bahnhof iliyoko ndani ya Uswisi. Ni kama mtu apande daladala Mtwara na kubadilisha gari hadi gari mpaka Bukoba, bila kulipa tena njiani.

Masharti yake ni machache lakini yana meno. Ni tiketi ya mtu mmoja kwa jina lake, humwazimi mwenzako, na lazima uwe na kitambulisho. Ni ya daraja la pili. Haikubaliki kwenye ICE, IC, EC wala FlixTrain, isipokuwa vipande vichache vya IC ambavyo majimbo yamevilipia, na programu ya ratiba huvionyesha.

Sharti linalowaumiza watu zaidi ni lile la usajili. Hununui tiketi ya mwezi mmoja. Unajisajili, na kila mwezi pesa inakatwa mpaka useme basi. Kusema basi kuna mwisho wake: tarehe 10 ya mwezi. Ukijisajili kuanzia Julai na ukafuta kabla ya tarehe 10 Julai kupita, tiketi yako inaendelea kufanya kazi hadi mwisho wa Julai na Agosti hudaiwi. Ukifuta tarehe 11, umeshanunua Agosti pia. Mgeni aliyekuja kwa wiki mbili anaweza kuifaidi kabisa, ila aandike tarehe hiyo mahali atakapoiona. Mwezi unaohesabiwa ni wa kalenda, kwa hiyo anayekuja kutoka 25 Julai hadi 8 Agosti atalipa miezi miwili kwa safari ya siku kumi na tano. Kama tarehe za safari yako ziko mikononi mwako, zipange ziangukie ndani ya mwezi mmoja. Utaokoa euro 63 kwa kusogeza siku chache.

Kisha kuna punguzo ambazo wengi hawaziulizii. Wanafunzi wa vyuo vikuu ambavyo vimejiunga na mpango wa wanafunzi hulipa asilimia 60 tu ya bei, na malipo hayo mara nyingi yamo ndani ya ada ya muhula. Mwajiri akichangia angalau robo ya bei, serikali inaongeza punguzo la asilimia 5, na mfanyakazi anabaki kulipa asilimia 70 au chini ya hapo. Hiyo inaitwa Jobticket. Mpwa wangu alifanya kazi miezi minne hospitalini kabla ya mwenzake wa chumbani kumwambia kwamba ipo. Hakuna aliyemficha, hakuuliza tu. Majimbo na miji kadhaa ina bei nafuu zaidi kwa walio kwenye mafunzo ya kazi na kwa wanaopokea msaada wa serikali. Uliza ofisi ya watumishi, uliza chuo, uliza manispaa. Watoto wa chini ya miaka 6 hawalipi.

Frankfurt hadi Köln, njia ya mto

Sasa swali la haki: kama tiketi ya karibu inafika kila mahali, kwa nini kuna mtu anapanda ICE? Jibu ni muda. Hamburg hadi Munich kwa ICE ni kama saa sita. Kwa RE na RB ni siku nzima, ukibadilisha treni mara kadhaa, na kila kubadilisha ni nafasi ya kuachwa. Safari ya namna hiyo nimewahi kuifanya na siipendekezi kwa mwenye mtoto mdogo au mizigo mitatu.

Lakini ziko safari ambazo polepole ni bora, na ile ya Frankfurt hadi Köln ndiyo ninayompeleka kila mgeni wangu. ICE inaimaliza kwa saa moja na dakika chache, kwa kasi inayofika kilomita 300 kwa saa, kwenye njia iliyofunguliwa 2002. Utaona mahandaki, kuta za kuzuia kelele za barabara kuu, mahandaki tena. RE inachukua saa tatu au zaidi kidogo, kwa kubadilisha Koblenz, na inapita kandokando ya mto Rhine.

Kaa upande wa kulia ukitokea Frankfurt. Hadi Mainz na Bingen ni mashamba na maghala. Baada ya Bingen milima inasogea pande zote mbili, mto unabanwa, na reli inabaki na ukanda mwembamba kati ya maji na mwamba. Juu ni mizabibu iliyopandwa kwenye mteremko mkali kiasi kwamba unajiuliza mvunaji anasimamaje. Ngome za mawe zinatokea moja baada ya nyingine, nyingine zimebaki kuta tu. Pale Kaub kuna ngome ndogo nyeupe katikati kabisa ya mto, kama meli iliyotia nanga. Ilijengwa kutoza ushuru wa vyombo vilivyopita. Mbele kidogo, ng'ambo ya mto, linasimama jabali la Loreley, mita 132 kutoka usawa wa maji, ambalo Wajerumani wamelitungia hadithi za mwanamke aliyewaimbia mabaharia hadi wakagonga mwamba. Majahazi ya mizigo yanapishana hapo chini, marefu na mazito, na baadhi yana gari dogo la nahodha limeegeshwa juu ya sitaha. Kati ya Mainz na Koblenz hakuna hata daraja moja. Watu huvuka kwa pantoni, kama Kigamboni.

Bonde hilo liliwekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka ule ule wa 2002. Anayepita humo kwa tiketi ya mwezi halipi senti ya ziada.

Wakiwa wengi, au kwa siku moja tu

Kama uko Ujerumani kwa siku chache na huna safari nyingi, usikimbilie usajili. Kila jimbo, au majimbo mawili matatu kwa pamoja, lina tiketi yake ya siku, Länder-Ticket. Ile ya Bavaria, Bayern-Ticket, ndiyo maarufu zaidi. Inakupa treni zote za karibu na sehemu kubwa ya usafiri wa mjini ndani ya jimbo kwa siku nzima, na uzuri wake unaonekana mkiwa kundi: mtu wa kwanza analipa bei kamili, wanaofuata hadi wa tano wanaongeza kiasi kidogo kila mmoja. Familia au marafiki watano wakigawana, kila mmoja anatoa pesa ya chakula cha mchana. Kuna na ya nchi nzima kwa siku moja, Quer-durchs-Land-Ticket, kwa mpango huo huo wa hadi watu watano. Majina ya wasafiri huandikwa kwenye tiketi, kwa hiyo huwezi kuiuza ukishafika.

Siku za kazi tiketi hizi nyingi zinaanza kufanya kazi saa 3 asubuhi, ili asubuhi mabehewa yabaki kwa wanaokwenda kazini. Jumamosi, Jumapili na sikukuu zinaanza usiku wa manane. Kwa kawaida zinaisha saa 9 usiku wa kuamkia siku inayofuata. Hapa naomba uangalifu wa saa. Ratiba za Ujerumani zinaandikwa kwa saa 24 zinazoanzia usiku wa manane: 09:00 ni saa 3 yetu ya asubuhi, 15:00 ni saa 9 alasiri, 03:00 ni saa 9 usiku. Mama mmoja wa Kitanga aliyekuja kumwuguza binti yake aliniambia aliachwa na treni mara mbili katika wiki ya kwanza, kwa sababu alikuwa akiisoma ratiba kwa saa za nyumbani. Weka simu yako kwenye mtindo wa saa 24 siku ile ile unayoshuka kwenye ndege.

Kupanda ICE bila kuumia

Ukoo wa mbali unamlipa anayewahi. Tiketi ya bei ya chini kabisa inaitwa Super Sparpreis. Ikinunuliwa wiki kadhaa mapema, kwa siku isiyo na msongamano, hupatikana chini ya euro 20 hata kwa safari ndefu. Kiti kile kile asubuhi ya safari kinaweza kuuzwa mara tano au sita ya hapo. Tiketi ya bei kamili, Flexpreis, inakuruhusu kupanda treni yoyote ya siku hiyo. Super Sparpreis inakufunga kwenye treni moja uliyoichagua, na hairudishwi pesa. Katikati kuna Sparpreis ya kawaida, ambayo nayo inakufunga lakini unaweza kuifuta kwa kulipa ada. Na kumbuka kwamba tiketi na kiti ni vitu viwili: kuhifadhi kiti kunalipiwa peke yake. Ijumaa jioni na Jumapili jioni ninahifadhi. Jumanne saa 5 asubuhi sijawahi kuona sababu.

Anayesafiri mara kwa mara anunue BahnCard. Ya 25 inapunguza robo ya bei, kwenye tiketi za kuwahi na kwenye bei kamili. Ya 50 inapunguza nusu ya bei kamili, lakini kwenye tiketi za kuwahi inapunguza robo tu, sawa na dada yake. Kwa hiyo mtu anayepanga safari zake mapema hana sababu ya kununua ya 50. Kadi hii pia ni usajili unaojirudia wenyewe mwaka unapokwisha usipoufuta wiki kadhaa kabla.

Kuna kosa moja ambalo hata wenyeji wanalifanya, na nataka nilieleze taratibu. Una Deutschlandticket, na unataka kupanda ICE kutoka mji mkubwa ulio saa moja kutoka kwako. Unajiambia: hadi pale nitafika kwa RE yangu ya bure, kwa hiyo Super Sparpreis ninunue kuanzia pale. Ni akili nzuri mpaka siku RE inapochelewa na ICE inaondoka. Kisheria una mikataba miwili isiyojuana. Tiketi yako ya ICE inaanzia mji mkubwa, ICE hiyo iliondoka kwa wakati, na wewe ndiye hukuwepo. Lakini ungekuwa umenunua Super Sparpreis kutoka stesheni ya nyumbani, safari yote ingekuwa mkataba mmoja, na ucheleweshaji wa RE ungekufungulia njia ya kupanda treni nyingine. Tofauti ya bei mara nyingi ni euro chache, wakati mwingine hakuna kabisa. Angalia zote mbili kabla ya kulipa.

Mabasi nayo yapo. Tangu miaka ya 1930 sheria ilikuwa ikizuia mabasi ya masafa marefu ili reli isipate mshindani, na ilikuja kulegezwa Januari 2013. Kampuni nyingi zikaibuka, zikapigana kwa bei, na FlixBus ya Munich ikabaki juu ya nyingine zote. Basi ni la bei ya chini, lakini linakwama kwenye foleni, na kituo chake mara nyingi kiko pembezoni mwa mji. Kwa safari ya usiku ya mtu mwenye mgongo imara linafaa.

Ndani ya mji: hakuna geti, kuna mkaguzi

Anayefika kwa mara ya kwanza hushangaa kwamba hakuna anayemzuia. Hakuna geti wala kondakta mlangoni. Unashuka ngazi za U-Bahn, treni inakuja, unaingia. Usidhani ni bure. Wakaguzi hupanda wakiwa wamevaa nguo za kiraia kama abiria wengine, milango inafungwa, ndipo wanatoa vitambulisho. Asiye na tiketi halali hutozwa euro 60, na kusafiri bila nauli kwa makusudi ni kosa la jinai kwa sheria ya Ujerumani. Kwa mtu anayeishi kwa kibali, hilo si jambo la kuchezea.

Wanaonaswa wengi si wakorofi. Wamenunua tiketi lakini hawakuigonga muhuri. Katika miji mingi tiketi ya karatasi haianzi kufanya kazi mpaka uitie kwenye kisanduku kidogo kilichoko jukwaani au ndani ya tramu, kikaigonga saa na tarehe. Kisanduku hicho kinalia "krak" kifupi, na ukishaizoea sauti hiyo unaisikiliza kabla hujaondoa mkono. Wengine wana tiketi ya kanda isiyofika. Berlin ina kanda tatu, A, B na C, na uwanja wa ndege uko C. Mgeni aliyenunua AB kwa sababu ilikuwa juu kabisa ya orodha ya mashine anakutana na mkaguzi akitoka au akienda uwanjani. Nunua ABC. Na kama safari yako ni vituo vitatu tu vya treni, au sita vya basi, Berlin ina tiketi ya safari fupi, Kurzstrecke, ambayo mashine haikutangazii.

Kama una tiketi ya mwezi yenye jina lako lakini simu ilizima chaji, usilipe faini yote. Peleka uthibitisho ofisini kwao ndani ya siku zilizoandikwa kwenye karatasi, na deni linashuka hadi euro 7.

Treni inapochelewa

Nitasema wazi, kwa sababu wengi nyumbani wanaamini saa ya Mjerumani haikosei. Mwaka 2024 ni asilimia 62.5 tu ya treni za mbali za Deutsche Bahn zilizofika kwa wakati, na "kwa wakati" hapo maana yake ni kuchelewa kwa chini ya dakika sita. Reli zimezeeka, matengenezo yaliahirishwa kwa miaka, na sasa njia kuu zinafungwa moja baada ya nyingine kwa miezi ili zitengenezwe upya. Ya kwanza ilikuwa Frankfurt hadi Mannheim, kuanzia Julai hadi Desemba 2024. Njia ikifungwa yanawekwa mabasi ya kufidia. Ukiona herufi SEV, ni mabasi hayo, na yanaongeza muda mrefu. Angalia ratiba usiku wa kabla ya safari, na uiangalie tena asubuhi.

Sikiliza pia matangazo ya mabehewa. Treni nyingi za karibu hukatwa vipande viwili njiani, nusu ikaelekea mji huu na nusu mji ule. Niliwahi kulala nikiwa nusu ya nyuma, na nilipoamka nilikuwa kwenye bonde jingine la Bavaria, theluji inaanguka, na treni ya kurudi ni ya saa moja baadaye. Tangu hapo kabla ya kuketi nasoma jina la mwisho wa safari kwenye behewa lenyewe, juu ya mlango au ubavuni, hata kama ubao wa jukwaani nimeshausoma.

Haki zako ni hizi. Ikionekana utafika mwisho wa safari ukiwa umechelewa dakika 20 au zaidi, kile kifungo cha Super Sparpreis kinafunguka, na unaweza kupanda treni nyingine. Ukifika umechelewa dakika 60, unarudishiwa robo ya nauli. Dakika 120, nusu. Madai unayatuma ndani ya miezi mitatu, kwa programu ya simu au kwa fomu ya karatasi.

Mwenye Deutschlandticket ana haki ndogo zaidi. Ucheleweshaji wake haumpi ruhusa ya kurukia ICE bila kulipa. Fidia yake ni euro 1.50 kwa kila safari iliyochelewa dakika 60 au zaidi, na pesa haitolewi mpaka ifike euro 4. Mpwa wangu siku hizi huiandika kila moja kwenye daftari lake dogo: tarehe, herufi za treni, stesheni, dakika. Mbili za kwanza zilikuwa euro 3, hazikutosha. Akasubiri ya tatu, akazituma zote kwa pamoja, na wiki chache baadaye zikaingia kwenye akaunti yake euro 4.50.